Jinsi ya kufundisha stadi za maisha darasani, hatua kwa hatua

Mwanafunzi anaweza kuandika ukurasa mzima kuhusu madhara ya shinikizo la rika, akapata alama zote, na jioni hiyohiyo akashindwa kumwambia rafiki yake "hapana". Alichoandika anakikumbuka vizuri. Tatizo ni kwamba hajawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu anayemkazia macho, na mdomo wake haujui pa kuanzia.

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuziba pengo hilo, awe mwalimu wa darasa, wa ushauri nasaha, au wa somo lolote aliyekabidhiwa kipindi cha stadi za maisha bila kuambiwa akifanyie nini. Umelenga wanafunzi wa miaka 10 hadi 19, umri ambao Shirika la Afya Duniani, WHO, hulihesabu kuwa kipindi cha ujana balehe. Ukiwa na darasa kubwa na huna hata kitabu kimoja cha somo hili, bado utaweza kuufuata, kwa kuwa vifaa vinavyohitajika ni karatasi, kalamu na wanafunzi wenyewe.

Hatua ya 1: Chagua stadi chache, kisha zikatekate

Mwaka 1993 WHO lilitaja stadi kumi za msingi ambazo shule inaweza kuzifundisha: kufanya maamuzi, kutatua matatizo, fikra bunifu, fikra tunduizi, kuwasiliana, kuhusiana vyema na watu, kujitambua, kuhisi anachohisi mwenzako, kuhimili hisia na kukabili msongo wa mawazo. Mitaala mingi imeota kutoka kwenye orodha hiyo. Ongeza zile za mikono na za kila siku, kama vile kupanga fedha, huduma ya kwanza, usafi, na usalama kwenye intaneti, upate orodha ambayo muhula mmoja hauwezi kuibeba. Mwalimu anayejaribu kuimaliza yote hurudi kwenye kuandikisha noti, kwa sababu noti ndicho kitu pekee kinachoenda kwa kasi hiyo.

Chagua tatu. Kabla ya kuchagua, waulize wenyewe. Gawa vikaratasi visivyo na majina, swali liwe moja tu: "Ni jambo gani lilikukuta mwezi huu ukawa hujui ulifanyeje?" Soma majibu yote kabla ya kupanga chochote. Usishangae ukikuta mada uliyoipa uzito wewe imetajwa na mmoja, huku nusu ya darasa ikiandika kuhusu kusemwa vibaya kwenye makundi ya simu, kukopa na kushindwa kulipa, au kukaa katikati ya ugomvi wa watu wazima nyumbani. Stadi zinazogusa majibu yanayojirudia ndizo zipewe nafasi ya kwanza.

Kisha kila stadi uivunje mpaka ipatikane katika matendo. "Kujiamini" hakufundishiki hivyo kulivyo, wala "mawasiliano bora". Kipimo ni hiki: mtu akichungulia dirishani, je, ataona au atasikia mwanafunzi akifanya kitu fulani? Kama haoni wala hasikii, hujafika chini vya kutosha, endelea kukata.

Chukua kukataa. Kukataa ni matendo sita. Simama wima mbele ya mtu na umtazame. Sema "hapana" mwanzoni kabisa, kabla ya maelezo. Toa sababu moja fupi, au usitoe. Akisisitiza, rudia jibu lilelile bila kuongeza sababu mpya. Kama ni rafiki unayetaka kubaki naye, pendekeza jambo lingine la kufanya pamoja. Akiendelea, ondoka.

Tendo la nne ndilo linalowashinda wengi, na ndilo la kukaziwa. Anayetoa sababu mpya kila anapobanwa anampa mwenzake kitu kipya cha kubishania. Akisema "sina hela" anajibiwa "nitakulipia". Akisema "mama atagomba" anajibiwa "atajuaje?" Akisema "nimechoka" anaambiwa ni dakika tano tu. Sababu zinaisha, na mwanafunzi anajikuta amekubali kwa kuwa tu ameishiwa hoja. Anapoelewa kwamba hadaiwi hoja, kwamba "hapana, siendi" inaweza kusemwa mara tatu kwa sauti ileile na ikatosha, kitu fulani hulegea mabegani mwake.

Kuomba msamaha nako kuna vipande vyake: taja kosa lako kwa jina lake, usiweke "lakini", uliza utarekebishaje, kisha mwachie mwenzako muda bila kumlazimisha akusamehe. Kusikiliza, kuomba msaada, kutuliza hasira, vyote vinavunjika namna hiyo ukikaa navyo nusu saa na karatasi.

Hatua ya 2: Panga ratiba yenye marudio

Kuna mabishano ya muda mrefu kama stadi za maisha ziwe na kipindi chake au zichanganywe ndani ya masomo mengine. Nasimama upande wa kipindi chake, walau kimoja kwa wiki, halafu masomo mengine yaongezee. Zikiachwa kwa walimu wote bila kipindi, kila mmoja hudhani mwenzake ameshafundisha, na muhula unakwisha hakuna aliyegusa.

Kosa kubwa zaidi la ratiba ni kufundisha stadi mara moja na kusonga mbele. Mwanasaikolojia wa Marekani Gilbert Botvin, aliyebuni mpango wa shule uliokusudia kwanza kuwakinga wanafunzi na sigara, aliutandaza kwa miaka mitatu: vipindi 15 mwaka wa kwanza, 10 mwaka wa pili, 5 mwaka wa tatu. Vipindi vya miaka inayofuata ni vya kuyarudia na kuyakaza yale ya mwanzo, maana stadi isiyorudiwa hupotea, hata kama siku ya kwanza darasa zima lilifanya vizuri.

Kwa muhula wa wiki 12, mpangilio huu unafaa:

- Wiki ya 1 hadi ya 3: stadi ya kwanza
- Wiki ya 4 hadi ya 6: stadi ya pili
- Wiki ya 7: kurudia ya kwanza, kwa visa vipya
- Wiki ya 8 hadi ya 10: stadi ya tatu
- Wiki ya 11: kurudia ya pili
- Wiki ya 12: visa vya kuchanganya, ambapo mwanafunzi haambiwi atumie stadi ipi

Wiki ya 12 usiifute hata ratiba ikibana. Maishani hakuna atakayemnong'oneza kwamba sasa ni wakati wa kukataa au sasa ni wakati wa kuomba msaada. Kutambua hilo ni sehemu ya stadi yenyewe.

Hatua ya 3: Lilinde darasa kabla ya kuligusa

Hatua hii inarukwa mno, na ndiyo yenye uwezo wa kumuumiza mtoto. Ukianza kuzungumzia hasira, ulevi, unyanyasaji au fedha, fahamu kwamba ndani ya chumba hicho kuna anayeyaishi hayo leo. Humjui ni nani. Kwa hiyo panga kila kipindi kana kwamba ameketi dawati la mbele.

Wekeni kanuni tatu na mzirudie kila kipindi, kwa maneno yao wenyewe. Ya kwanza: kila mtu ana haki ya kusema "napita" bila kuulizwa kwa nini. Ya pili: hatutaji jina la mtu, wala hatusimulii kisa cha mtu kwa namna ambayo atajulikana. Ya tatu: tunacheka pamoja, hatumcheki mtu.

Kanuni ya nne ni yako wewe mwalimu, na ni lazima uitamke waziwazi siku ya kwanza: "Mengi mtakayoniambia nitayatunza. Lakini nikisikia kwamba mtu anaumizwa, au anataka kujiumiza, au anataka kumuumiza mwingine, nitalazimika kumwambia anayeweza kusaidia." Usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Mtoto aliyeahidiwa siri kisha akasikia imefika ofisini hatamwambia tena mtu mzima yeyote, wala si wewe peke yako.

Kabla ya kipindi cha kwanza, jua ni nani unayepaswa kumpa taarifa: ndani ya shule ni nani, na nje ya shule ni ofisi gani. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 inazitaka nchi zimlinde mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna, na nchi nyingi zimeweka sheria zinazomlazimu mwalimu kutoa taarifa. Isome sheria inayokuhusu sasa, si siku mtoto atakapokuja analia.

Na akija, fanya hivi. Sikiliza hadi amalize. Mwambie umemwamini na kwamba si kosa lake. Uliza maswali machache sana, yale tu yanayohitajika kujua kama yuko salama leo. Usimhoji kama polisi, usimrudishe mara tatu asimulie upya, wala usimkabilishe na mtuhumiwa ili "mlimalize". Andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, weka tarehe na saa, kisha toa taarifa siku hiyohiyo. Mweleze pia kitakachofuata, maana kutojua ndiko kunakomtisha zaidi.

Katika visa vya mazoezi, tumia mtu wa kubuni: "mvulana mmoja wa umri wenu", "msichana aliyehamia shule mpya". Usimpe mwanafunzi anayeonewa sehemu ya kuigiza anayeonewa, na anayejulikana kwa ubabe usimpe sehemu ya mbabe, hata kama darasa linaona ndivyo inavyofaa. Weka pia sanduku la maswali yasiyo na majina. Baadhi ya maswali muhimu kuliko yote ya muhula yatatoka humo.

Hatua ya 4: Endesha kipindi: onyesha, wafanye, sahihisha, warudie

Hakuna aliyejua kuogelea kwa kunakili noti za kuogelea. Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi, na saa iwe mbele yako.

Dakika 5 za kwanza ni kisa kifupi na swali moja. Kisa kiishie pale penye uamuzi: "Wamemaliza kuongea. Wote wanne wanamtazama Juma. Anasema nini?" Usikubali jibu la "anapaswa kukataa". Uliza: "Maneno yake ni yapi? Yaseme."

Dakika 5 zinazofuata ni za onyesho. Wewe na mwanafunzi mmoja mliyekubaliana mapema mnaigiza mara mbili: kwanza vibaya, kisha vizuri. Malizieni kwa ile nzuri, ili ndiyo ibaki machoni. Mwaka 1961 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto wadogo waliomtazama mtu mzima akimpiga mdoli waliiga kipigo kilekile, wengine hadi maneno yaleyale. Watu hujifunza kwa kutazama, ndiyo sababu onyesho haliwezi kubadilishwa na maelezo. Ndiyo sababu pia somo hili haliishi kengele ikigonga. Mwalimu aliyefundisha kutuliza hasira saa nne, kisha saa tano akamfokea mwanafunzi aliyechelewa mpaka mishipa ikamsimama, amefundisha vipindi viwili, na cha pili ndicho kitakachokumbukwa. Ukikasirika mbele yao, sema kwa sauti unachofanya: "Nimekasirika. Nitanyamaza kidogo kabla ya kujibu." Hilo ni onyesho bora kuliko lolote utakaloliandaa.

Dakika 20 ni zao. Wagawe watatu watatu: mmoja anashawishi, mmoja anakataa, mmoja anatazama akiwa na kikaratasi cha matendo sita na kuweka alama kwenye kila tendo aliloliona. Kila dakika sita wabadilishane, ili wote watatu wapite kila nafasi. Usiwaite wawili mbele ya darasa huku 58 wakitazama. Hapo watu wawili wamefanya mazoezi na wengine wametazama igizo. Darasa la wanafunzi 60 lina makundi 20 yanayofanya kwa wakati mmoja, na ndiyo, kutakuwa na kelele. Mwambie mwalimu wa chumba cha jirani mapema.

Wewe zunguka. Kusahihisha ni sanaa fupi: taja tendo moja alilofanya vizuri, taja moja la kubadilisha, kisha mwambie arudie papo hapo. "Umemtazama vizuri. Safari hii anza na hapana, halafu sababu. Haya, tena." Sentensi tatu tu. Kurudia papo hapo ndiko kunakojenga stadi. Ushauri unaoachwa hewani bila kurudiwa haufiki mbali. Na umfundishe mtazamaji naye asahihishe hivyohivyo, kwa sababu wewe ni mmoja.

Dakika 6 baada ya hapo ni za mazungumzo ya pamoja. Nini kilikuwa kigumu? Ulijisikiaje ulipobanwa? Ni wapi maneno haya hayatafaa? Swali la mwisho lina uzito. Kuna hali, hasa mwanafunzi anapokuwa mbele ya mtu mzima mwenye mamlaka juu yake au mtu anayeweza kumdhuru, ambapo kumkazia mtu macho na kurudia "hapana" si salama, na la maana ni kuondoka na kutafuta msaada. Waambie hivyo. Usiwaachie wadhani kwamba aliyeshindwa kukataa ndiye mwenye lawama.

Dakika 4 za mwisho ni za kazi ya nje ya darasa: jambo dogo moja, lenye siku na mahali. "Kabla ya Ijumaa, mwombe mtu mmoja msaada kwa kutumia hatua tulizofanya." Kipindi kijacho kianze kwa kuuliza ilikuwaje.

Hatua ya 5: Ongeza joto kidogo kidogo

Kijana akiwa ametulia peke yake mara nyingi huamua vizuri. Waweke rafiki zake pembeni, uamuzi hubadilika. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg walichapisha utafiti ambamo watu wa umri mbalimbali walicheza mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta, wakiamua waende mpaka wapi kabla ya kusimama. Wenye miaka 13 hadi 16 walijihatarisha zaidi walipotazamwa na wenzao kuliko walipocheza peke yao, wakati kwa watu wazima wa miaka 24 na zaidi kutazamwa hakukuleta tofauti kubwa.

Maana yake kwako ni kwamba zoezi la kimyakimya la kujaza hatua za maamuzi kwenye daftari linampima mwanafunzi katika hali ambayo si ile atakayokutana nayo. Lianze hapo, sawa, lakini usiliache hapo. Wiki ya kwanza, mshawishi mmoja anaomba mara moja. Wiki ya pili, anaomba mara tatu na anabadili mbinu: anabembeleza, anadhihaki, anasema "kumbe wewe mtoto". Wiki ya tatu, washawishi ni watatu, wanacheka, na wanampa hesabu ya kumi. Mwanafunzi akilemewa, simamisha, rudi ngazi moja chini, afanikiwe, kisha mpande tena. Usimwache aondoke na kushindwa.

Simu nayo ina joto lake, na inahitaji zoezi lake. Pitisha karatasi kati ya wanafunzi wanne kana kwamba ni kundi la ujumbe, kila mmoja aandike mstari na kuisukuma kwa mwenzake. Mmoja aombe picha ya faragha, au aanze kumsema mtu asiyekuwepo. Anayepokea asiruhusiwe kuandika kabla ya kupumua mara tatu polepole. Jadilini majibu yangekuwaje kama yangeandikwa kabla ya pumzi hizo. Na wafundishe bila kuficha maneno afanyeje mtu ambaye picha yake tayari iko mikononi mwa anayemtishia: asilipe, asitume nyingine, asifute mazungumzo kwa kuwa ni ushahidi, amzuie mtu huyo, na amwambie mtu mzima anayemwamini hata kama anaona aibu kufa.

Hatua ya 6: Stadi za mikono ziingie kwenye masomo yaliyopo

Hapa ndipo mwalimu wa hisabati na wa biolojia wanapobeba mzigo. Chukua mkopo wa 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, usiolipwa chochote kwa mwaka mzima. Waambie wakisie kwanza. Wengi watasema 2,200, yaani 100 kila mwezi mara 12, pamoja na mkopo wenyewe. Kisha wapige hesabu ya riba juu ya riba, mwezi kwa mwezi, kwa mkono wao: 1,100, halafu 1,210, halafu 1,331, mpaka mwezi wa 12 wafike 3,138. Wasikimbilie kanuni. Kuiona namba ikipanda mstari baada ya mstari ndilo somo, na baada yake waulize maswali matatu ambayo kila mkopaji anapaswa kuyauliza: nitarudisha jumla ngapi, lini, na nikichelewa nini kitatokea?

Huduma ya kwanza ifundishwe na mwenye mafunzo, na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu vina wakufunzi wa kazi hiyo. Ila hata kabla hawajaja, kuna mambo unayoweza kuyafanyia mazoezi. Aliyeungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila kupaka mafuta wala dawa ya meno. Anayevuja damu nyingi: bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie kila dakika kuchungulia. Na kuita msaada kwa simu, jambo linaloonekana dogo, liigizweni kabisa: niko wapi, nini kimetokea, waliojeruhiwa wangapi, sikati simu mpaka niambiwe. Mtu mwenye hofu husahau kusema mahali alipo.

Usafi, kufua, kupanga muda na mengine ya aina hiyo hayahitaji maelezo marefu. Yafanyeni tu, wavulana na wasichana kwa usawa.

Hatua ya 7: Acha vitisho

Kuwatisha vijana kunamridhisha mwalimu, na picha za kutisha hulinyamazisha darasa. Lakini ukimya huo si kujifunza. Marekani, tangu miaka ya 1970, vijana walipelekwa magerezani ili wafungwa wawatishe wasifuate njia ya uhalifu. Mapitio ya tafiti yalipolinganisha waliopelekwa na wasiopelekwa, waliopelekwa walionekana kufanya makosa zaidi. Mpe kijana habari za kweli, bila kutia chumvi, maana siku akigundua ulikuza jambo moja ataacha kuyaamini na mengine tisa uliyosema kweli.

Hatua ya 8: Pima alichoweza kutenda

Swali la "Taja stadi tano za maisha" lipeleke kapuni. Mpe mwanafunzi kisa asichokijua, na mtu wa kuigiza naye, na umtazame kwa kikaratasi kilekile cha matendo sita. Fanya hivyo kabla ya kuanza stadi, mwishoni mwa wiki ya tatu, na tena wiki kadhaa baadaye. Kipimo cha tatu ndicho cha kuaminika. Kwa darasa kubwa, pima kwa makundi, ukiwasikiliza wanafunzi wachache kila kipindi badala ya kuwapima wote siku moja.

Usitoe alama za maisha yake binafsi. Daftari lake la kumbukumbu halisahihishwi kwa kalamu nyekundu, na mwanafunzi aliyeandika ukweli mgumu asije akapata alama pungufu kuliko aliyeandika uongo mtamu.

Waulize pia, bila majina, swali hili: "Ni lini nje ya darasa ulitumia tulichofanya, na ilikuwaje?" Majibu matupu yana maana. Yanakwambia stadi imebaki chumbani, na kwamba visa vyako viko mbali na maisha yao. Rudi kwenye vikaratasi vya hatua ya 1.

Hatua ya 9: Washirikishe walezi na mwalimu anayefuata

Walezi waambiwe mapema kitakachofundishwa, hasa penye afya ya uzazi na dawa za kulevya. Anayesikia habari nusunusu kutoka kwa mtoto ndiye anayekuja amekasirika. Waoneshe zoezi lenyewe badala ya kuwaeleza malengo: wape kisa, wafanye mazoezi ya kusikiliza wao kwa wao dakika kumi. Waombe pia jambo moja wanaloweza kulifanya nyumbani, kwamba mtoto akijaribu kusema "sikubaliani, na sababu yangu ni hii" kwa adabu, asichukuliwe kuwa amekosa heshima. Mlezi anaweza kukataa alichoombwa na bado akamsikiliza hadi mwisho.

Mwisho wa mwaka, andika ukurasa mmoja: stadi zipi zilifundishwa, visa vipi viliwagusa, wapi walikwama, na nini kilibaki bila kurudiwa. Majina ya wanafunzi na siri zao zisiwemo. Ukurasa huo mkabidhi mwalimu atakayelipokea darasa, pamoja na vikaratasi vya matendo, ili vipindi vyake vya kwanza viwe vya kurudia na asianze upya na orodha ya stadi kumi.